Sura ya Nne: Ngozi Kwanza, Mchoro Baadaye

Kabla hujaanza kutafuta picha za michoro, vua shati usimame mbele ya kioo penye mwanga wa mchana, uyasome makovu yako. Anza na lile la chanjo ya kifua kikuu. Watanzania wengi wanalo begani, upande wa kulia. Wakenya wengi wanalo kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Je, limelala sawa na ngozi, au limeinuka na kutanuka nje ya mahali sindano ilipopita, likawa gumu na lenye kung'aa? Kisha angalia masikio yaliyotogwa, mshono wa upasuaji kama upo, mabaki ya chunusi kifuani na mgongoni, na vipele vya kidevuni vinavyotokea baada ya kunyoa. Kovu linalovuka mpaka wa jeraha lililolizaa huitwa keloidi, na aliyewahi kupata moja anaweza kupata nyingine popote sindano ya tatuu itakapopita.

Naanzia hapo kwa makusudi. Maelekezo mengi ya tatuu yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya watu wa ngozi nyeupe, katika nchi za baridi ambako maji ya bomba hunyweka bila kuchemshwa. Mengi ni ya kweli, lakini hayatoshi. Ngozi nyeusi hujenga kovu kwa nguvu zaidi, huonyesha rangi kwa namna yake, na inapoingiwa na vijidudu haitoi ishara ileile inayotajwa kwenye vipeperushi. Ongeza joto la Dar es Salaam au Mombasa, jasho, vumbi la safari ya bodaboda na maji yaliyolala kwenye tangi, uone jinsi kazi ya kuitunza tatuu inavyobadilika.

Keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, umri uleule ambao wengi huchora tatuu yao ya kwanza. Huenda kwa ukoo pia, kwa hiyo muulize mama na shangazi kama kuna ndugu ambaye sikio lilivimba baada ya kutogwa. Sehemu zinazoongoza ni masikio, taya, katikati ya kifua, mabega na mgongo wa juu. Bahati mbaya, bega na kifua ndiko wateja wapya hukimbilia. Upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja, una hatari ndogo zaidi, tena unauona bila kioo na kuuosha bila msaidizi. Kwa tatuu ya kwanza mimi ningechagua hapo.

Keloidi haina haraka. Kidonda kinaweza kufunga vizuri, mwenyewe akafurahi na kupiga picha, kisha baada ya miezi mitatu, au hata mwaka, ngozi ikaanza kuinuka na kuwasha. Ndiyo maana mwenye shaka afanye jaribio la kweli: achorwe mstari mfupi mahali palipofichika, halafu angoje angalau miezi sita kabla ya kuamua. Najua kungoja hivyo kunachosha. Lakini matibabu ya keloidi ni kuchomwa sindano za dawa ndani ya uvimbe, mara kwa mara, kwa miezi. Na kuikata bila tiba nyingine mara nyingi huirudisha ikiwa kubwa kuliko mwanzo. Kwa mtu ambaye tayari anayo, ushauri wangu ni aachane kabisa na tatuu. Nasema hivyo nikijua vizuri jinsi hamu inavyoweza kumkaa mtu.

Hina ipo, na ni sanaa iliyokamilika. Ila tuwe waangalifu na piko. Ile rangi nyeusi wanayopakwa mabibi harusi na watalii wa pwani mara nyingi ina kemikali ya dawa za kupaka nywele iitwayo PPD. Kwa baadhi ya watu huleta malengelenge, na kovu likabaki na umbo lilelile la maua yaliyochorwa. Mwili ukishaikataa kemikali hiyo, huendelea kuikataa miaka na miaka, hata ikiwa ndani ya rangi ya nywele. Kama piko iliwahi kukuvimbisha, mchoraji na daktari wajue mapema. Wala usiitumie kujaribu mahali pa kuweka tatuu; kalamu ya kawaida inatosha kukuonyesha mchoro utakavyokaa unapokunja mkono na kuunyoosha.

Kuchora mwili si jambo geni kwetu. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walichanja nyuso na miili kwa kisu kidogo, wakasugua unga wa mkaa ndani ya mikato, na kovu lenyewe likawa sehemu ya mchoro. Mashine ya umeme inataka kinyume chake, yaani wino uingie na ngozi irudi kuwa laini. Mashine hiyo ilipewa hataza New York mwaka 1891 kwa jina la Samuel O'Reilly, aliyechukua wazo kutoka kwenye kalamu ya umeme ya Thomas Edison, na kanuni yake ni ileile mpaka leo. Sindano hupanda na kushuka kwa kasi kubwa na kuacha wino kwenye tabaka la kati la ngozi, milimita moja hadi mbili chini ya uso. Wino ukiachwa juu mno, utabanduka na ngozi ya nje ambayo mwili huibadilisha kila mara. Ukizamishwa mno, utasambaa na kufanya ukungu, na jeraha litakuwa kubwa pasipo sababu. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kinachotokea baadaye: seli za kinga huumeza wino lakini haziwezi kuusaga, na zinapokufa, seli nyingine huumeza wino uleule palepale. Kwa hiyo kila unachomruhusu mchoraji akiingize, mwili wako utakibeba na kukishughulikia miaka yote.

Wino huo unakaa chini ya melanini, na sisi tunayo kwa wingi. Tatuu kwenye ngozi nyeusi huonekana kama kitu kilichozama ndani ya glasi ya chai ya rangi: cheusi kinabaki wazi, rangi nzito kama nyekundu iliyoiva na bluu ya bahari hupungua kidogo tu, lakini njano, pinki na nyeupe karibu zote humezwa. Hiyo si kasoro ya ngozi, ni taarifa ya kumwongoza anayechora. Mchoro unaotufaa una mistari iliyo wazi, nafasi kubwa kati ya mstari na mstari, na weusi uliokolea. Jina la mtoto likiandikwa kwa herufi ndogo kama za gazeti litaungana na kuwa doa baada ya miaka michache, kwa sababu wino husogea kidogo kidogo chini ya ngozi. Na umwogope sana mchoraji anayesema ngozi nyeusi haishiki wino, kisha akakandamiza mashine na kurudia palepale ili rangi itokeze. Anachokitengeneza ni kovu.

Basi, unapochagua mchoraji, usiombe picha za kazi alizomaliza jana, zinazong'aa mafuta. Omba picha za tatuu zilizokwisha kupona, za mwaka mmoja au zaidi, kwenye ngozi yenye weusi kama wako. Asipokuwa nazo, nenda kwa mwingine. Kuhusu rangi, nyekundu ndiyo inayoongoza kwa kuleta mzio, na Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2022 kuwekea mipaka maelfu ya kemikali zinazotumika kwenye wino za tatuu. Huku kwetu mteja mwenyewe ndiye anayepaswa kuomba chupa, asome jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyeusi peke yake ni uamuzi mzuri kwa mara ya kwanza.

Yapo pia ya maisha yako mengine. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi la Tanzania yamekuwa yakimtaka mwombaji asiwe na michoro mwilini, na mchoro uliofichwa na nguo utaonekana siku ya kupimwa afya. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wanaikataza tatuu ya kudumu, na Wakristo wengi wana msimamo kama huo. Zungumza na dhamiri yako, na watu wako, kabla ya kwenda. Kufuta kwa leza kunahitaji kurudi mara nyingi, na kwenye ngozi nyeusi leza isiyofaa huacha mabaka meupe au meusi, kwa hiyo usiende ukijipa moyo kwamba ukichoka nayo utaifuta.

Maandalizi ya mwili huanza miezi kabla. Homa ya ini aina ya B huenea kwa damu, na virusi vyake huweza kuishi kwenye uso mkavu kwa siku saba. Ina chanjo ya dozi tatu ndani ya miezi sita. Iliingizwa kwenye chanjo za kawaida za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuipata. Nenda upime, kisha uchanjwe. Hata usipochora tatuu hutakuwa umepoteza kitu. Hakikisha na chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari, selimundu, ugonjwa wa ini, tatizo la kinga, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aongee kwanza na daktari anayemhudumia. Mjamzito asubiri.

Na mkorogo. Jambo hili halimo kwenye maelekezo ya wageni, lakini huku ndiko linakoharibu ngozi za watu. Krimu za kujichubua zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi na kuchelewesha kidonda kupona. Sindano iliyopimwa kwa ngozi nzima itazama mno kwenye ngozi hiyo. Kama unatumia, acha, upe mwili miezi kadhaa, na useme ukweli mbele ya mchoraji hata kama unaona haya.

Siku ya kwenda, kula chakula cha kushiba, kunywa maji, na uwe umelala vizuri usiku. Pombe iachwe tangu jana yake. Usimeze aspirini kwa ajili ya maumivu wiki hiyo, maana huongeza kutoka damu, ila kama umeandikiwa na daktari usiiache bila kumuuliza. Usinyoe mwenyewe nyumbani, maana wembe huacha michubuko. Mchoraji atanyoa kwa wembe mpya. Vaa nguo iliyopwaya.

Ukifika, tumia macho kabla hujakaa kitini. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa na ifunguliwe mbele yako. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vipya vya kwako peke yako, na kinachobaki kitupwe. Glavu zibadilishwe kila mchoraji anaposhika simu, mlango au pesa. Kwenye chumba pawe na lile sanduku gumu la njano la kutupia sindano, kama la kliniki ya chanjo. Pasipokuwa nalo, jiulize sindano za jana ziko wapi. Vifaa vya chuma vinavyorudiwa vipitie mashine ya mvuke yenye nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kuchovya sindano kwenye spiriti au kuipitisha kwenye moto wa kiberiti hakuizuii kubeba VVU au homa ya ini kutoka kwa mtu hadi mtu.

Halafu uliza kuhusu maji. Wateja wengi hukagua sindano na kusahau kwamba mchoraji anayetaka kivuli cha kijivu huuzimua wino mweusi. Mwishoni mwa 2011, watu 19 huko Rochester, jimbo la New York, walipata vipele sugu ndani ya tatuu zao kutoka kwa bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu. Chanzo kilikuwa wino wa kijivu uliochafuka kabla hata ya kufika kwa mchoraji. Kama hilo lilitokea kwenye wino wa kiwandani, fikiria wino uliozimuliwa kwa maji ya dumu. Maji ya kuzimulia lazima yawe yale yasiyo na vijidudu kabisa, yanayouzwa famasi kwa ajili ya sindano. Mchoraji anayejua kazi yake atakuonyesha kichupa bila kununa.

Maumivu yenyewe yanavumilika. Huuma zaidi karibu na mfupa na mahali ngozi ilipo nyembamba. Ukihisi kizunguzungu, sema, upumzike, unywe soda.

Unaporudi nyumbani una kidonda cha wazi chenye umbo zuri. Mchoraji atakuwa amekifunika. Kama ni nailoni ya kawaida, itoe baada ya saa chache. Kwenye joto letu inageuka chungu cha jasho, na vijidudu hupenda hapo. Kama ni ile plasta laini inayopitisha hewa, inaweza kukaa siku kadhaa kadiri atakavyokuelekeza, lakini jasho au majimaji yakianza kuvuja pembeni, itoe siku hiyohiyo.

Nawa mikono kwanza. Kisha osha tatuu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, ya watoto kwa mfano. Sabuni ya mche ni kali mno, na dodoki lisiguse. Kama maji yako ni ya kisima au ya tangi ambalo hulijui, chemsha na uyaache yapoe. Usisugue kwa taulo la bafuni. Gusagusa kwa karatasi safi mpaka pakauke. Baada ya hapo paka mafuta aliyokushauri mchoraji, kidogo sana, ngozi ing'ae tu bila kuteleza. Mara mbili au tatu kwa siku zinatosha, na tena baada ya jasho jingi. Watu wa pwani wapake kidogo zaidi, kwa sababu mafuta mazito yakichanganyika na unyevu wa hewa huziba vinyweleo na kuleta vipele.

Kuna vitu ambavyo mikono ya jirani na ndugu itataka kukupaka kwa nia njema. Unga wa kapsuli uliomwagwa kidondoni, dawa ya meno, majivu, kitunguu saumu, spiriti, tyubu ya mchanganyiko wa dawa za fangasi na steroidi iliyobaki tangu mwaka jana: vyote uvikatae kwa upole. Kapsuli hukausha kigaga na kukifanya kipasuke pamoja na wino, na antibayotiki inayotumika ovyo hufundisha vijidudu usugu.

Usiku lalia shuka safi. Asubuhi ukikuta kanga imeganda kwenye mchoro usiivute. Ilowanishe kwa maji safi mpaka iachie yenyewe. Mchana vaa pamba iliyopwaya, na ukipanda daladala iliyojaa, kaa upande ambao mkono wako hautasuguliwa na kila anayeshuka. Kati ya siku ya nne na wiki ya pili ngozi itaanza kubambuka vipande vyembamba vyenye wino. Itawasha. Usikune wala usibandue. Pigapiga pembeni kwa kiganja safi, au weka kitambaa baridi juu yake.

Bahari ingoje. Watu wa Tanga, Lamu na Unguja wamelelewa wakiamini kwamba maji ya chumvi huponya vidonda, na hapa imani hiyo ni ya hatari. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea kwenye Ghuba ya Meksiko siku tano baada ya kuchorwa mguuni. Bakteria wa maji ya chumvi aitwaye Vibrio vulnificus aliingia kidondoni, na mtu yule, ambaye ini lake lilikuwa tayari gonjwa, alifariki. Bakteria huyo hustawi kwenye maji ya bahari yenye joto. Bahari, bwawa, mto na ziwa vikae mbali mpaka ngozi ifunge kabisa, wiki mbili mpaka nne.

Sasa dalili za hatari. Vipeperushi husema utazame wekundu unaosambaa. Kwenye ngozi yetu wekundu huo haujitokezi. Unaona weusi uliozidi, zambarau, au pengine huoni kitu. Tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja juu ya tatuu, kisha kwenye mkono wa pili mahali palepale, ulinganishe joto. Siku mbili za mwanzo uvimbe kidogo na joto ni kawaida. Kuanzia siku ya tatu vinatakiwa kupungua. Vikiongezeka, ngozi ikiwa ngumu kuzunguka mchoro, maumivu yakizidi badala ya kupoa, ukitoka usaha, mitoki ikivimba kwapani au kinenani, au ukipata homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo. Usipitie kwanza famasi kununua dozi nusu. Na mweleze daktari bila kuficha kwamba ni tatuu, ya lini, na mahali gani, kwa sababu vipele vinavyotokea wiki kadhaa baadaye ndani ya kijivu tu, au ndani ya nyekundu tu, vina matibabu tofauti na usaha wa wiki ya kwanza.

Ngozi ya juu hufunga ndani ya mwezi, ya ndani huchukua miezi miwili au mitatu. Katika muda huo mchoro unaweza kuonekana umefifia au una ukungu. Usikimbilie kurudiwa kabla ya mwezi wa pili kwisha. Ikishapona, losheni ya kukinga jua ni ya kila siku, hata kwa mtu mweusi, kwa sababu jua huvunja wino na huacha weusi usio sawa kuzunguka mistari.

Kisha endelea kuipapasa mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, macho yakiwa yamefumbwa. Kidole kikikuta mstari ulioinuka na unaowasha, usingoje ukue. Keloidi changa husikia dawa kuliko iliyokomaa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na wengi wao hufanya kazi kwenye hospitali za mikoa na wilaya ndani na nje ya Tanzania. Uliza mapokezi kama wanaye mmoja, na siku gani ya wiki kliniki yake hufunguliwa.